Siku sita Ubelgiji kwa treni: miji minne, vituo viwili vya kulala

Ubelgiji ni ndogo kiasi kwamba treni moja huivuka karibu yote. Inaondoka Oostende, pwani ya Bahari ya Kaskazini, inapita Brugge, Gent, Brussels, Leuven na Liège, halafu inaishia Eupen, karibu na mpaka wa Ujerumani. Safari nzima ni kama saa tatu. Kwa msafiri wa basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza, huo ni muda wa kufika Morogoro tu.

Udogo huo ndio unaowaponza wengi. Mtu akiona miji iko karibu hivyo, anapanga kulala kila mji usiku mmoja, na likizo yake inaishia kwenye kufunga begi, kutafuta hoteli na kusubiri saa ya kupewa chumba. Ushauri wangu ni kinyume chake: chagua sehemu mbili za kulala, miji mingine iendee asubuhi na kurudi jioni. Reli ya Ubelgiji imejengwa kwa ajili ya watu wanaoishi mji mmoja na kufanya kazi mwingine. Mgeni akiitumia kama wao, inamtumikia vizuri sana.

Hatua ya kwanza: viza na majira

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika kwenye nchi nyingi za Ulaya. Viza ya muda mfupi inaruhusu hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180, na ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na anayengoja hizo siku 15 anacheza na bahati yake, kwa sababu uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45. Ukiunganisha na Uholanzi au Ufaransa, peleka ombi kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi.

Ndugu walioko Uingereza au Oman wasijidanganye: kibali cha kuishi huko hakifungui mlango wa Schengen. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani au Uholanzi, yeye apande treni tu.

Ubalozi utataka kuona mahali pa kulala, kwa hiyo weka nafasi kwenye hoteli zinazoruhusu kufuta bila malipo. Tiketi za treni za ndani huna haja ya kuzinunua kwa wakati huo.

Kuhusu majira, angalia mwanga kuliko baridi. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mji uliouendea kwa treni ya saa nne asubuhi unakuponyoka kabla hujaushika. Juni kuna mwanga mpaka karibu saa nne usiku. Mei na Septemba ndiyo miezi ninayoipenda: siku ndefu, watu wachache kuliko Julai. Koti la mvua beba hata hivyo.

Hatua ya pili: chagua pa kulala

Watu wengi hulala Brussels siku zote. Si kosa, maana njia kuu nyingi zinapita hapo. Lakini mimi ningelala Gent usiku tatu za mwanzo, kisha Brussels usiku mbili za mwisho. Kutoka Gent hadi Brugge ni kama dakika 25, hadi Brussels kama nusu saa na kidogo, hadi Antwerpen kama saa moja. Jioni ukirudi, unarudi kwenye mji mzuri wa mito na minara wenye wanafunzi wengi, ambao haufi saa moja usiku watalii wakiondoka. Brugge ni nzuri zaidi kwa macho, ila vyumba vyake ni ghali na imekaa pembeni: safari nyingi za kwenda kwingine zinaanza kwa kupita Gent au karibu yake.

Jambo moja la kujua kabla ya kulipia chumba cha Gent: stesheni kuu, Gent-Sint-Pieters, iko zaidi ya kilomita mbili kutoka katikati ya mji wa kale. Tramu ya namba 1 inakupeleka mpaka Korenmarkt. Stesheni ya pili, Gent-Dampoort, iko karibu zaidi na mji wa kale, na treni za kwenda Antwerpen husimama hapo. Hoteli ikiwa upande wa mashariki wa mji, Dampoort itakuokoa na tramu kabisa.

Brussels, tafuta chumba cha kutembea kwa miguu hadi stesheni ya Central. Vyumba vya karibu na stesheni ya Midi huwa na bei ya kuvutia, ila usiku mazingira yake hayampendezi mtu mwenye begi na ramani mkononi.

Hatua ya tatu: tiketi, na kwa nini usiwe na haraka

Aliyepanda SGR, iwe ya Nairobi na Mombasa au ya Dar es Salaam na Dodoma, amezoea kukata tiketi mapema, yenye behewa na namba ya kiti. Treni za ndani za Ubelgiji hazina hayo. Tiketi yako ni ya siku fulani, kutoka kituo fulani hadi kingine. Treni gani utapanda siku hiyo ni juu yako. Hakuna kiti cha kuhifadhi. Ukikosa ya saa tatu, unapanda inayofuata, na kati ya miji mikubwa inayofuata haiko mbali.

La pili: bei ya treni hizi inafuata umbali na haipandi kwa sababu umechelewa kununua. Kwa hiyo hakuna faida ya kukata tiketi za wiki nzima ukiwa bado nyumbani, na kuna hasara, kwa kuwa mvua ikinyesha Jumanne utatamani kubadilisha Antwerpen na Brugge. Nunua asubuhi ya siku yenyewe. Isipokuwa Eurostar, treni ya kasi ya kwenda London, Paris, Amsterdam na Cologne. Hiyo ina kiti cha kuhifadhi na bei inayopanda kama ya ndege, na ukiihitaji inunue mapema kabisa.

Shirika la reli ni moja, lenye majina mawili: SNCB kwa Kifaransa na NMBS kwa Kiholanzi. Pakua programu yake kwenye simu. Ina ratiba, tiketi, namba ya jukwaa na taarifa za ucheleweshaji. Kabla ya kulipa, ingiza umri wa kila msafiri na siku kamili, kwa sababu kuna nafuu za vijana, za wazee na za wikendi, na taratibu zake hubadilishwa. Ushauri wa kadi za safari kumi na tiketi maalumu za wikendi ulioandikwa miaka iliyopita usiutegemee. Bei ya kuamini ni ile ya kwenye programu. Watoto walio chini ya miaka 12 husafiri bure wakiwa na mtu mzima mwenye tiketi.

Kadi ya benki ndipo wengi wanapokwama. Benki nyingi za kwetu hutuma namba ya kuthibitisha malipo kwa ujumbe mfupi, na laini ikiwa imezimwa Ulaya, malipo hayapiti. Kabla ya kuondoka iambie benki unasafiri, fungua malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi, na hakikisha laini ya nyumbani inapokea ujumbe ukiwa huko. Ikishindikana kabisa, mashine za stesheni zinapokea kadi.

Usipande bila tiketi ukidhani utamalizana na kondakta. Tiketi ya ndani ya behewa ina ada ya ziada, na anayekamatwa bila ya kujieleza anatozwa faini inayouma. Daraja la kwanza lina nafasi zaidi, lakini kwa safari ya dakika 40 sioni sababu, labda saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Pasi ya Eurail ya siku kadhaa? Kwa Ubelgiji peke yake, achana nayo. Umbali ni mfupi na tiketi za kawaida ni nafuu, kwa hiyo pasi huwa ghali kuliko safari zenyewe. Hesabu inaweza kubadilika ukivuka nchi tatu au nne kwa mkupuo.

Hatua ya nne: jifunze kusoma ubao wa stesheni

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko kwenye kuchagua makumbusho.

Anza na saa. Ubao unaandika kwa mtindo wa saa 24, na anayefikiri kwa saa za Kiswahili lazima ageuze kichwani: 08:12 ni saa mbili na dakika 12 asubuhi, 14:37 ni saa nane na dakika 37 mchana, 19:05 ni saa moja na dakika tano usiku. Mkiwa kundi, andikianeni kwa tarakimu zilizo kwenye ubao. "Tukutane saa mbili" imewahi kutenganisha familia. Tofauti na saa za Afrika Mashariki ni saa moja nyuma majira ya joto na mbili nyuma majira ya baridi.

Halafu majina. Kaskazini, Flanders, kunazungumzwa Kiholanzi. Kusini, Wallonia, Kifaransa. Brussels zote mbili. Na kipande kidogo cha mashariki, ambako Eupen ipo, Kijerumani. Ubao na matangazo hufuata lugha ya eneo mlilopo, kwa hiyo jina la mji unaokwenda linaweza kubadilika katikati ya safari. Ukiwa Gent na unataka Liège, ubao utasema Luik. Antwerpen huitwa Anvers kusini, Gent ni Gand, Brugge ni Bruges, Mechelen ni Malines, Namur ni Namen, na Mons ni Bergen. Andika majina yote mawili ya kila mji wako kwenye karatasi moja. Mtego mkubwa kuliko yote ni Leuven, ambayo kwa Kifaransa ni Louvain. Kuna mji mwingine kabisa, Louvain-la-Neuve, uliojengwa baada ya chuo kikuu cha Leuven kugawanywa kwa sababu ya lugha, na uko kwenye njia nyingine ya reli.

Aina za treni: IC ndiyo unayoitaka, inasimama miji mikubwa. L na S husimama karibu kila kituo, na P ni za nyongeza saa za kazi. Tazama pia kama treni inagawanyika. Zile zinazotoka Brussels kwenda Knokke na Blankenberge huachana Brugge: mabehewa ya mbele yanakwenda huku, ya nyuma kule. Soma maandishi ya kwenye behewa lako, au muulize kondakta. Atamaliza kwa Kiingereza hata ukianza na chochote.

Brussels ina stesheni tatu kubwa zilizopangwa kwenye mstari mmoja: Noord au Nord, Centraal au Central, na Zuid au Midi. Zimeunganishwa na njia ya chini kwa chini yenye reli sita iliyofunguliwa mwaka 1952, na karibu treni zote hupita humo. Matokeo yake, hapo Central treni hufuatana kwa dakika chache kwenye jukwaa lilelile. Treni iliyochelewa ikija kwenye nafasi ya yako, watu hupanda kwa kuangalia saa tu na kujikuta wanaelekea Namur. Angalia jina la mwisho wa safari kwenye behewa kabla ya kuinua mguu. Ukikosea, usifadhaike: shuka stesheni inayofuata, rudi. Eurostar husimama Midi tu. Tiketi ya kwenda Brussels inakubalika kwenye stesheni zote hizo tatu.

Hatua ya tano: siku zenyewe

*Siku ya kwanza.* Uwanja wa ndege wa Zaventem una stesheni chini ya jengo la abiria. Brussels-Central ni kama dakika 20, na zipo treni zinazokwenda Gent moja kwa moja. Tiketi ya uwanja wa ndege ina ada ya ziada iliyokwisha kujumuishwa kwenye bei, na bila tiketi milango ya stesheni haifunguki. Ukinunua ndege ya bei chee, soma jina la uwanja: ule unaoitwa Brussels South uko Charleroi, kilomita nyingi kusini, na hauna stesheni ya reli. Itabidi upande basi. Mchana uliobaki zunguka Gent: ngome ya Gravensteen, na kanisa kuu la Mtakatifu Bavo lenye mchoro wa madhabahu wa ndugu van Eyck uliokamilika 1432. Kipande kimoja cha mchoro huo kiliibwa mwaka 1934 na hakijaonekana mpaka leo. Kilichopo mahali pake ni nakala.

*Siku ya pili, Brugge na bahari.* Panda mapema uwe Brugge kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu baada ya hapo mabasi ya watalii na abiria wa meli za bandari ya Zeebrugge hufika kwa wingi. Mnara wa kengele una urefu wa mita 83 na ngazi 366, na foleni yake ni fupi asubuhi. Saa sita au saba mji ukishajaa, usipigane nao: rudi stesheni, panda treni ya Oostende, dakika 15 hivi, ukale samaki ufukweni. Kutoka Oostende kuna tramu ya pwani, kilomita 67 kutoka De Panne hadi Knokke, mojawapo ya njia ndefu zaidi za tramu duniani. Jumamosi ya jua mwezi Julai treni za pwani hujaa mpaka milangoni; siku kama hiyo nenda Antwerpen.

*Siku ya tatu, Antwerpen.* Shuka Antwerpen-Centraal, usishuke Berchem iliyo kabla yake. Stesheni yenyewe ni sehemu ya ziara: jengo la mawe lenye kuba lililofunguliwa 1905, na chini yake majukwaa yaliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa. Kwa kurudi, tazama ghorofa pamoja na namba ya jukwaa, na jipe dakika kumi za ngazi. Mjini kuna kanisa kuu lenye mnara wa mita 123 na michoro ya Rubens. Kisha nenda mpaka gatini. Hapa ndipo mwishoni mwa karne ya 19 karani wa kampuni ya meli, E. D. Morel, alipogundua kwamba meli kutoka Kongo zilifika zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zilirudi zimebeba bunduki na risasi. Akatambua kwamba hiyo haikuwa biashara, akaanza kampeni iliyoiaibisha serikali ya Mfalme Leopold II huko Kongo.

*Siku ya nne, Brussels.* Hama na begi asubuhi, liache hotelini, halafu chukua metro ya namba 1 hadi Montgomery na tramu ya 44 inayopita msituni mpaka Tervuren. Jumba la makumbusho la Afrika la huko, lililofunguliwa upya Desemba 2018, lina asili yake kwenye maonyesho ya 1897, ambamo Wakongo 267 waliletwa kuonyeshwa kwa watazamaji, saba walifariki. Msomaji kutoka Katavi au Kalemie atakuta habari zinazomhusu moja kwa moja: Karema, upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, ilianza kama kituo cha Wabelgiji mwaka 1879, na msafara wao uliingia kupitia Zanzibar. Jipe nusu siku. Jumatatu pamefungwa, kama makumbusho mengi ya nchi hii, hivyo ratiba yako ikiangukia hapo, badilisha siku. Jioni nenda Matonge, mtaa wa Wakongo karibu na metro ya Porte de Namur, ambako uwanja mdogo una jina la Patrice Lumumba tangu 30 Juni 2018. Kilingala ndicho kinachotawala, lakini watu wa Goma, Bukavu na Bujumbura wapo, na ukisalimia kwa Kiswahili hukosi wa kukuitikia. Samaki na pondu, yaani kisamvu, vipo.

Kuhusu chakula kwa ujumla, neno kwa Waislamu: chipsi za asili za Ubelgiji hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na chokoleti za kujazwa mara nyingine zina pombe ndani. Uliza kabla. Brussels ina migahawa mingi ya Wamoroko na Waturuki, hutalala njaa.

*Siku ya tano* ni ya kuchagua. Liège, kama saa moja, kwa ajili ya stesheni ya Guillemins ya msanifu Santiago Calatrava, iliyofunguliwa 2009, na ngazi 374 za Montagne de Bueren. Au Dinant, kwa kubadilisha treni Namur: ngome juu ya jabali, mto Meuse chini, na mji alikozaliwa mwaka 1814 Adolphe Sax, aliyeunda saksafoni. Au, kwa mtu aliyechoka, Mechelen, dakika 25 hivi tu, mji tulivu ambao reli ya kwanza ya abiria ya Ubelgiji ilifika kutoka Brussels tarehe 5 Mei 1835. Nikilazimishwa ni Dinant, kwa sababu ndiyo siku pekee utakayoona milima. Luxembourg iache: usafiri wa umma huko ni bure tangu 2020, lakini kufika ni zaidi ya saa tatu kila upande.

Hatua ya sita: yanayoweza kuharibika

Migomo ndiyo ya kwanza. Wafanyakazi wa reli hugoma mara kwa mara, na kwa kawaida hutangaza mapema. Siku ya mgomo treni chache huendelea, na ratiba yake hutoka kwenye programu saa 24 kabla. Kwa hiyo kila jioni fungua programu na uangalie kesho. Mgomo ukiangukia siku ya Dinant, baki mjini au chagua safari iliyo kwenye njia kuu. Ukiangukia siku ya ndege, lala usiku huo karibu na uwanja au panga usafiri mwingine. Wikendi, matengenezo ya reli huweza kukuweka kwenye basi kwa sehemu ya njia.

Wezi wa mfukoni wapo, hasa Brussels-Midi na kwenye treni za uwanja wa ndege. Mbinu yao ni rahisi: mmoja anakuuliza njia, mwenzake anachukua begi lililo juu au kwenye kiti cha pembeni. Kaa na mkoba wa pasipoti mwilini, na treni ikikaribia kusimama, mkono uwe kwenye begi. Stesheni kubwa zina makabati ya kuhifadhi mizigo kwa malipo, na vyoo vyake hulipiwa.

*Siku ya sita* ni ya kurudi. Kutoka Central hadi Zaventem ni treni kadhaa kila saa, lakini hesabu kana kwamba ya kwanza itafutwa. Nunua tiketi ukitaja uwanja wa ndege kama kituo cha mwisho, wala si kitongoji cha Zaventem, ambacho kina stesheni yake pembeni. Na simu iwe na chaji mpaka umalize ngazi za umeme: milango ya kutokea stesheni inasoma tiketi hiyohiyo.